Programu Inampa Mteja Tarehe ya Jumamosi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, karibu na Moi Avenue. Niliandika programu kwa JavaScript ya kumwambia mteja aje lini kuchukua stakabadhi zake, tukihesabu siku za kazi tu. Ilikwenda vizuri. Baadaye nikaihamishia Python, mstari kwa mstari, na mambo yakaharibika. Mteja wa Alhamisi 15 Mei 2025, aliyeahidiwa siku 2 za kazi, aliandikiwa Jumamosi 17. Akavuka feri kutoka Likoni, akakuta tumefunga. Isitoshe, jumbe zinazotoka saa saba usiku hubeba tarehe ya jana. Wikendi naziruka hivi: `if siku == 0 or siku == 6`. Nimekosea wapi? – Kijana wa Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sharti lako lilikuwa sahihi kule lilikotoka. Kwenye JavaScript, `getDay()` huipa Jumapili 0 na Jumamosi 6. Kwenye Python, `weekday()` huipa Jumatatu 0 na Jumapili 6. Kwa hivyo programu yako sasa inapumzika Jumapili na Jumatatu, na Jumamosi inakwenda kazini. Mfuate mteja wako: Ijumaa 16 ikawa siku ya kwanza, Jumamosi 17 ya pili, hesabu ikaisha. Haki yake ilikuwa Jumatatu 19.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kosa hili hujificha. Anza Ijumaa 16 Mei, hesabu siku 4. Programu mbovu itasema Alhamisi 22, na ndiyo tarehe sahihi, kwa kuwa Jumamosi iliyozidi imeziba pengo la Jumatatu iliyorukwa. Ukijaribu kwa mfano huo peke yake utaapa kwamba yote ni sawa. Jaribu kuanzia kila siku ya wiki, na kila mara uwe na kalenda ya ukutani mbele yako.

Andika hivi:

```
from datetime import timedelta

def tarehe_ya_ahadi(tarehe, siku, sikukuu):
    while siku > 0:
        tarehe += timedelta(days=1)
        if tarehe.weekday() < 5 and tarehe not in sikukuu:
            siku -= 1
    return tarehe
```

Hiyo `sikukuu` hukuiuliza, lakini bila yake utamsumbua mtu mwingine kesho. Madaraka ni 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba. Hizo zina tarehe zake. Sikukuu ikiangukia Jumapili, sheria yetu huisogeza hadi siku inayofuata. Idd nayo yafuata mwezi na tangazo la serikali, kwa hivyo usijaribu kuipigia hesabu kwenye programu. Weka faili, na tangazo likitoka iingize kwa mkono siku hiyo hiyo. Tazama Ijumaa 30 Mei 2025, siku 4 za kazi. Madaraka iliangukia Jumapili, mapumziko yakawa Jumatatu 2 Juni. Halafu Ijumaa 6 Juni ikawa Idd-ul-Azha. Unabaki na Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na siku ya nne ni Jumatatu 9 Juni. Asiyetia sikukuu angemwita mteja Alhamisi 5, na karatasi zake bado hazijawa tayari.

Sasa jumbe za usiku. Dalili zako ni za seva inayofuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kwetu ikiwa saa saba usiku, kule bado ni saa nne usiku wa siku iliyopita, na ukiiuliza leo ni tarehe gani itakujibu ya jana. Usiongeze saa 3 kwa mkono, maana ukibadilisha seva utazihesabu mara mbili. Taja kanda yenyewe:

```
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

leo = datetime.now(ZoneInfo("Africa/Nairobi")).date()
```

Mombasa haimo kwenye orodha ya kanda hizo, usipoteze muda kuitafuta. `zoneinfo` inapatikana kuanzia Python 3.9, kama seva yako ina toleo la zamani, lisasishe kwanza.

Na kwenye ujumbe wa mteja usiandike tarehe tupu. Andika “Jumatatu 19 Mei”. Yule mama wa Likoni angeona neno Jumamosi, angewapigia simu kabla hajapanda feri.