Gari la kale lenye kutu: bei ihesabu kutoka mwisho

Watu hunipigia simu wakiwa tayari wamesimama mbele ya gari. "Kaka, nimepata Volkswagen Beetle ya 1968, imelala miaka mingi, ina kutu kidogo tu, nichukue?" Kabla sijauliza habari za kutu, mimi huuliza kwanza: gari kama hilo likiwa zima, limepakwa rangi na linatembea, linauzwa bei gani? Wengi hawajui. Wanachojua ni bei anayoitaka muuzaji, nao wanahangaika kuishusha kidogo, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kipimo.

Bei ya gari la kukarabati huhesabiwa kuanzia mwisho. Shika bei ya gari la aina hiyo lililokamilika, kwa hali ambayo wewe kweli utaweza kulifikisha, si hali ya yale ya maonyesho yanayosafirishwa ndani ya trela. Toa gharama ya bodi na rangi. Toa injini, gia, breki na waya. Toa viti, mipira na kromu. Halafu toa fungu la yasiyoonekana. Kinachobaki ndicho cha juu kabisa unachoweza kulipa.

Mfano, tuite gari zima 100. Bodi na rangi 45, mitambo na umeme 15, viti na urembo 10. Kazi yote ni 70. Kwa gari lililoliwa na kutu mimi huongeza theluthi ya gharama ya kazi kwa ajili ya mashimo yatakayofichuka baada ya rangi kuondolewa, yaani kama 23. Hapo inabaki 7. Muuzaji anataka 30. Tofauti hiyo haina uhusiano wowote na ubahili wako, na ukimwonyesha hesabu kwenye karatasi atakuelewa kuliko ukimwambia tu kwamba ni ghali.

Mara nyingi hesabu hutoka chini ya sifuri. Hapo gari halina tena bei kama gari, lina bei kama spea: thamani ya vitu vinavyoweza kufunguliwa na kuuzwa, ukiondoa jasho la kuvifungua. Bado unaweza kulinunua kwa sababu lilikuwa gari la babu yako au kwa sababu unalipenda tu. Hakuna anayekukataza. Ila mapenzi ni yako, usimlipe muuzaji kwa ajili yake.

Ile 100 uitafute mnadani, si kwenye matangazo. Tangazo ni matumaini ya mtu. Matokeo ya mnada ni fedha iliyotoka mfukoni. Na ujiandae kusikia hadithi za hazina ghalani. Mwezi Februari 2015, jijini Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza magari ya mkusanyiko wa Baillon, yaliyokuwa yamelala miongo mingi kwenye vibanda magharibi mwa Ufaransa. Ferrari moja, 250 GT California Spider, ilikwenda kwa zaidi ya euro milioni 16 na vumbi lake juu. Tangu hapo kila mwenye mkweche chini ya turubai anaamini vumbi lina thamani. Ferrari ile ilipata bei hiyo kwa sababu magari ya aina hiyo yalitengenezwa machache mno, na kila mwenye uwezo alilitaka. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi mwaka 2003. Vumbi la Beetle ni vumbi.

Sasa kutu yenyewe. Chuma kikigeuka kutu huvimba, kikachukua nafasi kubwa kuliko chuma cha awali. Ndiyo maana rangi hutoka malengelenge, na ndiyo maana mabati mawili yaliyochomelewa pamoja hutanuana yenyewe kwenye kiungo. Lengelenge unaloliona kwa nje kwa kawaida limeanzia ndani, mahali maji yalipotuama. Ni kama mchwa kwenye fremu ya mlango: kitobo cha ukubwa wa punje kinakuambia ubao wote nyuma yake umeshaliwa. Kwa hiyo fundi wa bodi akikuambia kwamba doa la ukubwa wa sarafu litahitaji kiraka cha ukubwa wa kiganja, hajakutilia chumvi.

Kutu ya juu, ile nyekundu kwenye boneti au paa ambayo ukiisugua unakuta chuma kizima chini yake, hainitishi. Wanunuzi wengi huikimbia hiyo kwa sababu inaonekana vibaya, wakaangukia gari lililopakwa rangi mpya ambalo chini yake hakuna chuma. Mlango, boneti na kifuniko cha buti hufunguliwa kwa boliti na kubadilishwa. Kinachopandisha gharama ni kutu iliyoingia kwenye mifupa. Kwenye magari mengi ambayo bodi ndiyo chesisi, uti wa mgongo ni vizingiti, yaani zile sehemu zenye uwazi ndani zilizo chini ya milango, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Vikioza, gari linalegea katikati, na kuvibadilisha ipasavyo kunadai gari lishikiliwe lisipinde wakati linakatwa. Gari lisilo na paa huvitegemea zaidi. Hapo fungua mlango, uunyanyue kidogo, uone kama unarudi mahali pake. Kisha tazama upenyo wa kati ya mlango na bodi. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, gari limeshaanza kuinama.

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, bisibisi na nguo za kulalia chini. Sumaku hushika chuma na hukataa puti, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, kwa hiyo ipitishe kwenye vizingiti, matao ya magurudumu na pembe za chini za milango. Mahali inapodondoka, chuma kimekwenda. (Kwenye bodi ya aluminiamu haitashika popote, usije ukamtuhumu mtu bure.) Bisibisi usichomechome ovyo, omba ruhusa kwanza. Gongagonga kwa mpini: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Inua zulia. Fungua buti, toa gurudumu la akiba, tazama lilipokaa. Chungulia chini ya kioo cha mbele, ambako majani huziba mifereji na maji yakakosa pa kwenda. Na ukikuta tumbo la gari limepakwa lami nyeusi mpya inayong'aa wakati gari lenyewe halijaoshwa, hesabu kwamba kuna kitu kimefichwa. Fungu langu la theluthi hapo hupanda na kuwa nusu ya gharama ya kazi.

Kila gari lina mahali pake pa kuugua, na bei hubadilika kulingana na mahali hapo. Kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na sakafu iliyo chini yake huliwa. Tena mifereji ya hewa moto hupita ndani ya vizingiti, kwa hiyo vikioza kazi huwa kubwa kuliko inavyoonekana. Lakini sakafu mpya zinatengenezwa na zinapatikana, hivyo gharama unaweza kuijua kabla ya kununua. Kwenye Mercedes W123 ninaanza na sehemu za kupigia jeki. Kwenye Mini, fremu ya nyuma inayobeba magurudumu. Land Rover za zamani hudanganya: bodi ya aluminiamu inaonekana safi, kumbe chesisi na ukuta uliopo kati ya injini na abiria ni chuma, navyo huoza kimyakimya. Hata hivyo chesisi nzima mpya, iliyochovywa zinki, inauzwa. Kwa MGB, gari la michezo la Kiingereza, hata bodi nzima mpya ilirudi kutengenezwa. Wakati mwingine kutu mbaya kwenye gari linalojulikana ni nafuu kuliko kutu ya wastani kwenye gari ambalo hakuna anayelitengenezea kipande chochote, maana huko kila bati litakunjwa kwa mkono na fundi anayelipwa kwa saa.

Mwaka wa kutengenezwa nao una neno lake. Porsche 911 zilianza kupata bodi ya chuma chenye zinki kwa toleo la 1976. Zilizotangulia hazina kinga hiyo, na bado ndizo zinazotafutwa zaidi. Kwa hiyo usiseme "911 haiozi" mpaka ujue ni ya lini.

Injini? Watu huiogopa kuliko inavyostahili. Injini iliyoshika, isiyozunguka tena baada ya kulala miaka, mara nyingi hufunguka, na hata ikibidi ifanyiwe matengenezo makubwa, gharama ina mwisho unaojulikana. Kutu haina mwisho huo.

Kinachosahaulika ni vitu vidogo visivyokuwepo. Zunguka gari na karatasi, uandike: vishikio, taa, mikanda ya kromu, saa za dashibodi, vioo, hasa kioo cha mbele kilichopinda. Kwenye gari adimu, taa moja ya nyuma inaweza kukusumbua kuliko injini nzima. Vipande vya kromu vilivyomiminwa kwa aloi ya zinki vikishaingia vidonda, kuvipaka upya ni kazi ngumu na ghali. Kwa sababu hiyo ninalipenda gari baya lililokamilika kuliko gari zuri lililofunguliwa likawekwa kwenye maboksi. Muuzaji wa maboksi huapa kwamba kila kitu kimo. Toa bei ya chini, kwa sababu hakuna anayeweza kuhakikisha mpaka siku ya kurudishia.

Kuna gari moja ambalo nitalilipia zaidi hata kama linatisha kulitazama: lile lililokwishaondolewa rangi yote hadi chuma. Limevuliwa nguo, mashimo yote yanaonekana, na lile fungu la yasiyoonekana linapungua sana. Uangalie tu kama lilipigwa mchanga kwa nguvu, maana mabati ya nje kwa kawaida hayafiki hata milimita 1 na hupinda kwa kazi hiyo.

Kwenye mapatano, usiite mali ya mtu mkweche mbele yake. Mwombe mzungukie gari pamoja, umshikishe tochi yeye mwenyewe. "Mzee, hapa sumaku haishiki, unaona?" Akiona kwa macho yake, bei hushuka bila ugomvi. Akikuonyesha risiti za fedha alizokwisha kutumia, zisome kwa heshima. Zinakuambia kazi gani imefanyika, ila gari lingekuwa na thamani ile ile hata kama angetumia mara mbili yake. Na kama hesabu yako imesema 7, usifike 12 kwa sababu umesafiri mbali au kwa sababu dalali amesema kuna mwingine anakuja jioni. Mwache aje.

Arubuni isitoke kabla hujalinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki. Mahali ilipogongwa ndipo kutu hupapenda pia. Ikiwa imeliwa haisomeki, au inaonekana kukatwa na kuchomelewa upya, rudi kwenye bei ya spea, hata kama sehemu nyingine zote za gari ni nzima.