Kilima cha mita 810 tu, lakini kilinirudisha chini

Kuna dada kaniandikia inbox juzi, yuko Edinburgh kimasomo, anauliza kama Meall a' Bhuachaille, kilima cha kule Scotland, anaweza kwenda na raba maana "ni kakilima tu". Mdogo wangu, hako kakilima mwaka jana kalinigeuza njiani na bado inaniuma.

Tulienda wanne mwisho wa Oktoba. Mi nimekulia Moshi, Kibo naiona tangu utoto, mita 810 nikaona si kitu, nikavaa jinzi. Kutoka Glenmore, njia inapoanzia, mwanzo ni raha tupu, unapita kwenye misonobari ya asili, masalia ya ule msitu wa kale wa Scotland, miti mingine imejipinda kama mzee anayeota moto, na magome ya juu mekundu kama udongo wa Marangu ukilowa. Halafu An Lochan Uaine, ziwa dogo maji ya kijani kabisa, wenyeji wanasimulia kwamba viumbe wa msituni walifulia nguo zao humo. Tukapiga picha weee, muda ukaenda.

Ukishapita kibanda cha Ryvoan miti inaisha, mlima unaanza kweli. Upepo, mvua ya ubavuni, jinzi ikalowa ikanishika mapaja mpaka goti halikunji, na kule saa zikisharudishwa nyuma saa moja kwa ajili ya majira ya baridi, jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Nikasema jamani mi nageuza. Mmoja akanijibu mbele ya wenzake, "Mchaga gani wewe?" Nikarudi nimenyamaza, na yule sijaongea naye mpaka leo.

Jumamosi iliyopita nimekimaliza! Nilianza asubuhi, suruali nyepesi inayokauka haraka, buti, koti la mvua, chai ya tangawizi kwenye chupa. Kileleni kuna ukuta wa mawe wa kujikinga upepo, nikakaa nikamimina chai, chini ziwa la Loch Morlich na mchanga wake, mbele mlima wa Cairn Gorm, machozi yakanitoka.

Kwa hiyo sikilizeni, angalieni utabiri wa mlimani sio wa mjini, anzeni mapema, na anayetaka kugeuza msimcheke, mwacheni ageuke na mtu amsindikize. Mlima unataka adabu hata ukiwa mfupi, vijana mnakimbilia picha mnasahau hilo. Na anzeni mapema, narudia.

Dada, raba hapana. Septemba naenda tena, ukipata buti niambie, tutakutana stesheni ya Aviemore tupande basi la Glenmore.