Muulize Bibi Maendeleo: Mama kaezeka bati, kaambiwa "umehitimu"

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yangu yuko kijijini wilaya ya Manyoni, analea wajukuu watatu. Alikuwa mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozipa kaya masikini ruzuku, kwa miaka. Kwa ruzuku ile na akiba ya kikundi alifuga kuku, akapata mbuzi, mwishowe akaezeka nyumba bati. Watu wa TASAF walipopita na dodoso la kupima hali ya kaya, yeye alikuwa shambani, akahojiwa mjukuu wa darasa la nne. Dirisha la malipo (awamu ya kulipa ruzuku) lililofuata jina halipo, kaambiwa amehitimu, yaani si masikini tena. Kahitimu nini, Bibi? Tupike bati?
Mtoto wa Manyoni, niko Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Nimekuwa afisa maendeleo ya jamii ngazi ya kata mpaka nikastaafu, na hilo swali la bati limenifuata hadi nyumbani.

Dodoso haliulizi nani ana njaa, maana hapo kila mtu atanyoosha mkono. Linauliza vinavyoonekana: paa la nini, sakafu ya nini, choo gani, mnalala wangapi, mna taa gani, redio, baiskeli, mifugo. Majibu yanaingia kwenye kompyuta, kompyuta inatoa alama. Sasa mtoto wa darasa la nne akiulizwa mbuzi wa kwao ni wangapi, atahesabu na wa jirani wanaolala zizi moja. Kwao lazima kuonekane kuna mali!

Mimi nasema wazi: bati pekee halitoshi kumtoa mtu kwenye umaskini. Mpango wenyewe ndio uliomhimiza mama aweke akiba na kuboresha makazi. Alipotii, paa likageuka shahidi dhidi yake. Huko kwenu mtu anaweza kuwa na paa linalong'aa, na Februari, kabla mtama haujakomaa, watoto wakalala na uji mwepesi.

Ila nawe usinitangazie kwamba ameonewa kabla hujapata jibu. Huo Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF ulizinduliwa mwaka 2012, na haukuwa pensheni. Awali ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na pamoja na nyongeza za watoto wa kliniki na wa shule haikuzidi 38,000. Kipindi cha pili kilipozinduliwa mwaka 2020, kulikuwa bado na vijiji ambavyo havijawahi kuonja hata mia. Watu kutoka ili wengine waingie, hilo silipingi.

Kwa hiyo pata sababu kwanza. Kijijini kila aliyekosa jina huambiwa amehitimu, kumbe wengine wametolewa kwa kuwa kaya ilihama, au mmoja wao ni kiongozi wa kijiji, au hawakujitokeza kupokea. Mama amuulize mtendaji wa kijiji, na mjumbe wa kamati ya usimamizi ya jamii awepo akisikia. Kisha andikeni barua, nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mama abaki nayo. Isiwe barua ya kulia. Iseme aliyehojiwa ni mtoto wa umri fulani, mbuzi halisi ni kadhaa, wanaotegemea kaya ni hawa na wanasoma hapa. Ikilala kijijini, mratibu wa TASAF yupo halmashauri. Kwa mbunge msikimbilie. Barua itashushwa kule kule ilikotoka, na sasa mtakuwa na maadui.

Halafu kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Majina ya kaya masikini hutajwa hapo, na hapo ndipo jirani husimama akasema "huyu namfahamu, hana kitu" au "huyu ana ng'ombe kwa mjomba wake". Nimekaa kwenye mikutano hiyo: wanaume wamejaa chini ya mti, na akina mama wanaojadiliwa wako kisimani kwenye foleni ya maji. Siku hiyo mama ndoo aiache.

Kikundi asikiache hata kidogo. Kutoka kwenye orodha ya ruzuku hakumfukuzi kwenye hisa zake. Tena kikiwa kimesajiliwa halmashauri, kina katiba, mihtasari na akaunti benki, kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa mradi. Wasiukope kununua mahindi ya kula.

SWALI: Bibi, huku Same msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji isiyo na malipo, unakufa. Tukiitwa kuchimba mtaro, vijana wanauliza, "Mbona wa TASAF wanalipwa?" Tufanyeje?
Mjumbe wa serikali ya kijiji

JIBU: Wajibuni kwa karatasi. Hizo kazi za malipo za TASAF, ajira za muda, ni za kaya zilizo kwenye mpango tu, kwa siku zilizowekwa, wakati chakula kimepungua na shamba halina kazi. Na mradi, liwe lambo, barabara au kitalu cha miti, huibuliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni. Bandikeni ofisini orodha ya wanaolipwa, kazi yao na siku zao. Minong'ono mingi itaishia pale ubaoni. Na nyie viongozi acheni mchezo wa kuwaita watu wa msaragambo wamalizie lambo la malipo lililochelewa. Kijana aliyefanyiwa hivyo mara moja hamtamwona tena na jembe.