Viza ya mwaka mmoja sio ruhusa ya kukaa mwaka mmoja

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 22, mimi ndo mkubwa kwetu na nina wadogo wanne, mzee hawezi kazi tena. Kuna ajenti kanipa mchongo wa kazi ya stoo nje ya nchi. Anasema niingie na viza ya matembezi, ni ya mwaka mzima, bosi atanibadilishia iwe ya kazi nikishafika. Na ikichelewa, kila miezi mitatu natoka mpakani nagonga muhuri narudi, siku zinaanza upya. Hii imekaa sawa kisheria?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haijakaa sawa, na huyo ajenti anajua haijakaa sawa.

Sababu za kwenda sikuulizi, wadogo wanne wanatosha. Ila hii ya "viza ya mwaka" nimeijibu mpaka nimechoka. Kuna kijana alikuja ofisini na pasipoti kaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akafungua ukurasa wa viza akaniwekea kidole kwenye tarehe, "si unaona wakili, bado miezi saba". Nikafunua ukurasa wa pili yake, kuna muhuri mdogo wa kuingilia, umegongwa kipembeni wino hafifu, na chini mtu kaandika kwa kalamu tarehe ya mwisho ya kukaa. Ilishapita wiki tisa. Wiki tisa anaishi kinyume cha sheria na hajui, maana aliyempeleka alimwonyesha ukurasa mmoja tu.

Tarehe iliyo kwenye viza mara nyingi inakwambia mwisho wa kuitumia kufika mlangoni. Utakaa siku ngapi ni habari nyingine kabisa. Viza ya matembezi ya Marekani inaweza kuwa ya miaka 10, lakini siku za kukaa anakupa ofisa pale unapoingia na kwa kawaida hazizidi miezi 6. Na huyo ofisa anaweza kukurudisha hapohapo hata kama viza yako ni halali, hasa akifungua simu yako akakuta meseji za bosi anakuuliza unaanza lini kazi.

Sasa hii ya kutoka na kurudi. Nchi za Ulaya zilizo kwenye Schengen, yaani kundi la nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, unaruhusiwa siku 90 ndani ya siku 180 zozote, maana yake siku yoyote uliyopo wanarudi nyuma siku 180 wanahesabu umekuwa humo siku ngapi. Ukitoka asubuhi ukarudi jioni hesabu ni ileile. Halafu toka Oktoba 2025 wameanza kuingiza safari kwenye mfumo wa kompyuta, alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo habari za muhuri kufifia hazitakusaidia. Kwingine sheria ni nyingine, sikatai, na zipo nchi zinakubali ubadilishe viza ukiwa ndani, lakini hata huko ofisa akishaona mchezo wa kutoka na kuingia anakukatalia tu.

Kibali cha kazi kwa sehemu kubwa kinaanzia kwa mwajiri, anaomba yeye, kwa jina lako na kwa kazi inayotajwa, kabla hujapanda ndege. Kama bosi yupo kweli na stoo ipo kweli, kwa nini asiombe sasa hivi? Muulize ajenti swali hilo moja uone atakavyoanza kukasirika.

Na akikwambia useme ubalozini unaenda kumtembelea shangazi, hapo ndo ananikera zaidi, maana fomu inasainiwa na wewe, yeye jina lake halipo popote. Kudanganya kwenye maombi Kanada ni kufungiwa miaka 5, Uingereza inafika 10. Marekani ukipitiliza muda wako wa kukaa kwa zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka unafungiwa miaka 3, ukifikisha mwaka ni 10. Una miaka 22, piga hesabu mwenyewe utafunguliwa na umri gani.

Nimeongea na vijana wengi waliolizwa hivi na karibu wote walitegemea uaminifu wa mtu waliyekutana naye wasap. Ajenti anataka "hela ya usajili", halafu ya medikali, halafu anakukopesha nauli ikatwe kwenye mshahara, halafu ukifika pasipoti inachukuliwa "ikatunzwe". Hayo sio mambo madogo ya utaratibu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza wakala kumtoza mfanyakazi ada, ukiacha mambo machache ambayo nchi inaweza kuyaruhusu, na wa Umoja wa Mataifa wa 1990 kuhusu wafanyakazi wahamiaji unasema mtu asiye ofisa wa serikali aliyeruhusiwa na sheria hana haki ya kukunyang'anya pasipoti. Sio kila nchi imesaini, lakini ukiona deni, pasipoti kushikwa na mshahara kucheleweshwa vimekuja pamoja, Shirika la Kazi Duniani linavihesabu kama dalili za kazi ya kulazimishwa. Na kusema "alikubali mwenyewe" hakumwokoi aliyekudanganya, itifaki ya Palermo ya 2000, ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, imeshaliweka wazi hilo.

Kwa hiyo wewe fanya hivi: mwambie akutumie mkataba wenye jina la kampuni na anwani, na namba ya maombi ya kibali. Tafuta kampuni mwenyewe, usipige namba aliyokupa yeye. Uliza ubalozi wa nchi hiyo kama hiyo namba ipo. Hela ya usajili kama hujatoa, usitoe. Kama umeshatoa niletee risiti tuanzie hapo, kama alikupa risiti.