Uliza Shangazi: TV wanataka kuja kushuti taa zetu za Krismasi

Shangazi shikamoo. Mimi msomaji wako niko Malindi, Barani. Kila Disemba mzee wangu anajaza taa nyumba nzima, kuanzia geti mpaka kwenye banda la makuti, na jioni watoto wa mtaa wanajaa hapo nje mpaka inabidi tutoe juisi. Mwaka huu kuna mtu amechukua video akaiposti ikasambaa, sasa juzi nimepigiwa simu na kijana anasema ni ripota wa TV wanataka kuja kushuti kabla ya Krismasi, ila tumtumie kwanza elfu tano ya mafuta. Mzee amefurahi vibaya, ati ataongeza taa ziwe mara mbili, na wifi yangu aliyeko Marekani ameshatuma boksi zima la taa za huko, anasema kwao kuna kipindi watu wanashindanisha nyumba na wanapewa madola. Mimi naogopa stima na naogopa huyo wa simu. Nifanyeje?
Mama K., Barani

Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo wa simu manake ndiye amenipandisha presha. Usitume hata ndururu. Kanuni za maadili za waandishi wa habari hapa Kenya, zile za Baraza la Habari, haziwaruhusu kudai hela kwa mtu wanayemfanyia habari, na mafuta ya gari ni shida ya stesheni yao sio yako. Muulize anatoka stesheni gani, halafu utafute mwenyewe namba ya ile stesheni, usipige hiyo aliyokupa yeye, uulize chumba cha habari kama wanamjua na kama wamempangia kazi hiyo. Akiwa wa kweli hatakasirika. Akija aonyeshe kadi ya Baraza la Habari, ile hutolewa upya kila mwaka kwa hivyo soma na tarehe. Wakishafika ukawapa chai na mahamri hiyo ni heshima ya nyumba, hakuna ubaya.

Sasa boksi la wifi. Mwambie mzee asichomeke kitu! Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240, ukibadilisha plagi peke yake bado hujafanya lolote. Zile za bulbu ndogondogo ambazo waya unaenda moja kwa moja ukutani ukizipa 240 zitawaka kwa raha sekunde mbili tatu halafu zinaungua, na kama ziko juu ya makuti sina haja ya kukueleza, Malindi tunajua moto wa makuti unavyokimbia. Chukua kila moja uigeuze usome maandishi madogo kwenye adapta, ukiona INPUT 100-240V hiyo ni salama inahitaji plagi ya kwetu tu, ukiona 120V peke yake weka pembeni au mnunue transfoma ya kushusha stima yenye nguvu kupita jumla ya wati za hizo taa. Mimi ningeziweka pembeni, wifi atasamehe.

Na hicho kipindi anachosema kipo kweli, kinaitwa The Great Christmas Light Fight, cha stesheni ya ABC ya huko, kilianza 2013, familia zinashindana na mshindi wa kila shindano anachukua dola 50,000. Lakini ni cha nyumba za huko Marekani, na huwa wanashuti Krismasi ya mwaka huu kionyeshwe Krismasi ya mwaka ujao, kwa hivyo mzee asianze kuzigawa hizo dola. Kule kamera inafuata ukubwa, mtu ana taa laki na ushee zinacheza na muziki. Nyinyi mtakuwa kipande cha dakika mbili mwisho wa taarifa ya saa moja, na kipande cha aina hiyo kinabebwa na watu. Watakachotaka ni mzee wako juu ya ngazi na waya begani, watoto wamejazana getini na vikombe vya juisi, wewe unalalamika tokeni. Kwa hivyo kuongeza taa mara mbili mimi sioni faida yake, akitaka kutumia hela amwite fundi wa stima aliyesomea, aangalie kila kiungo.

Manake stima yenyewe mnayotumia si nyingi kama ni LED, zile taa zisizopata moto. Waya wa LED 100 unakula kama wati 5, mkiwa nazo 20 ni wati 100, zikiwaka masaa sita mmekula yuniti 0.6, chini ya yuniti moja. Zile za zamani za kupata moto zinafika wati 40 kwa waya mmoja, hesabu hiyohiyo inakupeleka karibu yuniti 5 kwa usiku mmoja, hizo kama bado anazo azitoe. Hatari iko kwenye viungo: ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, waya umeungwa kwa selotepu, halafu Disemba kaskazi inapuliza inaleta chumvi ya bahari inaingia mle ndani, na mvua ya vuli ikibaki ndio basi. Viungo vyote viinuliwe kutoka chini, vifunikwe, na muwe na ile swichi inayokata yenyewe stima ikivuja, mafundi wanaiita RCD, ya miliampea 30. Kwenye banda la makuti mimi nasema msiweke taa kabisa. Wekeni kwenye nguzo za chini na ukutani.

Siku ya kushuti waambie wafike saa kumi na moja jioni. Kwenu Disemba jua linazama kwenye saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, na ile nusu saa baada yake mbingu bado ina buluu, hapo ndipo nyumba inaonekana na taa zinaonekana, usiku mnene kamera inaona vidoti tu. Jingine, LED za bei rahisi zinapepesa na macho yetu hayaoni ila kamera inaona. Mjaribu na simu kabla, ukiona mistari myeusi inatembea kwenye video mwambie mpiga kamera, ataweka shata, ule muda kamera inafungua jicho, kwenye sekunde 1/50 kwa sababu stima yetu ni hezi 50, mara nyingi inatulia.

Wazazi wa hao watoto waulizwe kabla, sio baada. Na kama Krismasi ikiisha mnakwenda Kaloleni kwa wazee, msiseme hilo mbele ya kamera jamani, na namba ya ploti isionekane.

Assalaam aleikum Shangazi. Sisi twatoka Lamu, mtaa wa Langoni. Wakati wa Maulidi twapamba uchochoro wetu kwa taa, na mwaka huu vijana wataka TV waje. Twawaitaje? Na twaweza kupiga misumari kwenye kuta?
Kijana wa Langoni

Waaleikum salaam. Mfungo sita, ule mwezi wa Maulidi, Lamu inajaa wageni wa Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, na waandishi huwa wamo humohumo, kwa hivyo msiwaite wafunge safari kwa ajili yenu, wapelekeeni picha wiki mbili tatu kabla muwaambie uchochoro wenu uko njia gani wapite. Angalieni tarehe vizuri, kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11.

Misumari hapana. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa msumari unang'oa lipu yote inayozunguka, na mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, watu wa Makumbusho wakiona mtaitwa. Fungeni kamba ya katani kwenye vyuma vya madirisha au boriti iliyochomoza, taa zining'inie kwenye kamba, sio kwenye waya wake. Na mpime urefu kwa punda aliyebeba magunia na kijana amekaa juu yake, manake uchochoro mwembamba akipita na waya shingoni hamtapata habari mliyoitaka. Stima itoke nyumba moja tu, mwenyewe achangiwe tokeni mapema, na Maulidi yakiisha mzishushe zote mzipanguse chumvi kabla ya kuzikunja.