Nakshi za Kukwaruza: Maswali Yenu Kuhusu Sgrafito

Je, sgrafito ni ufundi wa Waitalia?

Jina ndilo la kwao, na linatokana na neno la kukwaruza. Ufundi wenyewe ulijulikana kwingine kabla yao. Chombo hupakwa uji wa udongo wa rangi nyingine, kisha fundi hukwaruza tabaka la juu mpaka rangi ya chini ionekane. Wafinyanzi wa Cizhou, kaskazini mwa China, walifanya hivyo enzi ya Song (960–1279). Iran na Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki) nako kulikuwa na vyombo vya namna hiyo. Italia ya kaskazini ilitia fora karne ya 15 na 16, hasa Ferrara na Bologna. Karne ya 17, vyombo vya North Devon, Uingereza, vilipakiwa melini kwenda makoloni ya Marekani, na vipande vyake vimefukuliwa Jamestown. Baadaye Wajerumani wa Pennsylvania walichora sahani nyekundu zenye maua ya tulipu. Hizo ndizo tunazozipenda kuliko zote.

Uji uwe mzito kiasi gani?

Kama krimu: ushike brashi bila kuchuruzika. Kwa buluu, changanya gramu 100 za udongo mweupe mkavu na gramu 2 za oksidi ya kobalti, tia maji, kisha chuja kwa chekecheo la matundu 80 kwa inchi. Oksidi isiyochujwa huacha madoadoa. Paka mara mbili au tatu, na usirudie kabla tabaka la kwanza halijapoteza mng'ao.

Mistari yangu ina kingo zilizomeguka. Nakosea wapi?

Umechelewa. Udongo ukishakauka sana, uji huruka vipande vipande badala ya kukatika. Ukiwahi mno nako, kifaa hulima matope na mstari hujaa tena. Wakati wake ni pale chombo kinapokuwa kigumu kama ngozi: kidole hakinati, lakini ukucha bado unaacha alama. Ukiona kimeanza kukauka, kifunike kwa plastiki, ufunue sehemu unayochora tu.

Vile vinyuzi vinavyobaki kandokando ya mstari usivifute kwa kidole, maana utavipaka juu ya mchoro. Acha chombo kikauke kabisa, kisha vipanguse kwa brashi laini huku umevaa barakoa; vumbi la udongo lina silika, nayo hudhuru mapafu.

Uji wangu hubanduka wote baada ya kukauka.

Uliupaka kwenye chombo kilichokauka mno. Uji mbichi husinyaa, chombo kimeshamaliza kusinyaa, ukaachia. Tengeneza uji kwa udongo uleule wa chombo kama rangi yake inaruhusu.

Naweza kulia chakula kwenye sahani ya kale ya aina hii?

Hapana. Nyingi zilipakwa glezi (tabaka la kioo linalofunika udongo) yenye risasi, madini yenye sumu, na vyakula vyenye asidi huitoa risasi hiyo. Iweke ukutani.

Kwa nini watu bado wanaupenda ufundi huu, ilhali brashi ni rahisi zaidi?

Kwa sababu brashi haitoi mstari wenye kina. Ukipitisha kidole unausikia, na glezi angavu ikitulia ndani yake rangi hukolea. Ila glezi iwe nyepesi: ikiwa nene hugeuka ukungu mweupe, na mistari myembamba ndiyo ya kwanza kupotea.