Kitambi changu na matundu manne

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sengerema aliniandikia: "Kaka, daktari kasema nipunguze tumbo ndipo aguse ini langu. Kaniona mlafi?" Nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga, nikausoma ujumbe ule mara tatu. Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka miwili iliyopita.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Sokoni kwetu kitambi ni heshima. Mteja mgeni humfuata mwenye tumbo akijua ndiye tajiri. Nilipokutwa na uvimbe wa maji kwenye ini, daktari alisema ataufungua kwa matundu madogo. Kisha, huku akiandika, "Punguza uzito." Basi. Hakueleza sababu, nami sikuuliza. Kilo 84 tu, nikaona ananionea. Nikaendelea na ugali, soda na bia za jioni.

Nilipozinduka nilipapasa nikakuta bandeji ndefu chini ya mbavu za kulia. Walianza na matundu, ikashindikana, wakapasua. Kitanda cha jirani alilala kijana wa kilo 96, mnene wa mapaja na makalio, uvimbe kama wangu. Yeye matundu manne, siku ya tatu akaenda kwake. Usiku ule nililia, na sioni aibu kusema.

Daktari mwingine, aliyekuja kubadilisha bandeji, ndiye aliyenichorea kwenye boksi la glovu. Ini limejibanza chini ya mbavu. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili kamera na vyuma virefu vipate nafasi. Mafuta ya yule kijana yalikuwa chini ya ngozi, huko mapajani, hayamzuii mtu. Yangu yalikuwa ndani, yameuzunguka utumbo, hewa ikakosa pa kukaa. Kifua changu ni kinene kwenda mgongoni, na uvimbe wangu ulikuwa juu kwa nyuma, karibu na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Wake ulikuwa mbele. Ini langu nalo lilijaa mafuta: zito, halinyanyuki, likiguswa linavuja damu. Mizani haionyeshi hata kimoja kati ya hivyo.

Ndugu zangu mnaosubiri tarehe, ulizeni! Uvimbe uko mbele au nyuma? Ini lina mafuta? Chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno, maana kilo peke yake zitakudanganya. Omba upangiwe mlo: wiki mbili za kupunguza wanga na mafuta zinaweza kulisinyaza ini la namna hiyo. Usijinyime chakula kwa akili yako, hasa kama unatumia dawa za sukari. Na wakilazimika kupasua, usiwachukie. Damu ikitoka mahali kamera haifiki, daktari mwenye busara hufungua. Lakini uliza kabla. Bei ya gunia la dagaa tunauliza mara kumi, iweje ini tuone haya?

Dada amenijibu jana usiku. Kiuno sentimita 108, soda ameacha, na safari hii daktari amemchorea.